Uliza Ujibiwe: Uamsho wa Kanisa Ni Nini Hasa?

Mwezi huu meseji nyingi zimekuja kwa jambo moja tu, uamsho, nadhani ni kwa sababu ya hii mikutano na semina, manake kila mji ukipita kuna bango. Nimechagua chache, zile zinazofanana nimeziunganisha, na majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

SWALI: Bwana asifiwe mtumishi. Kanisani kwetu mwaka huu tumeshafanya wiki ya uamsho mara tatu, wahubiri wamealikwa toka mbali, spika zimekodiwa, watu wamelia, wengine wameanguka chini, matoleo yametoka mengi. Lakini wiki ikiisha tu tunarudi palepale. Kwaya mbili hazisalimiani tangu ule ugomvi wa vyombo, pesa za kikundi cha akina mama hazieleweki ziko wapi na hakuna anayeuliza. Na sasa hivi inatangazwa wiki ya nne. Naomba kujua uamsho ni nini hasa, au mimi ndo nina roho ya kukosoa? (Mwanakwaya, Mbeya)

JIBU: Bwana asifiwe sana dada yangu. Huna roho ya kukosoa, umeuliza kitu ambacho sisi wote tulitakiwa tukiulize kabla hatujachapisha bango la kwanza.

Uamsho ni Mungu kuwarudia watu wake mwenyewe waliopoa. Naomba uone hapo, watu wake. Tukienda sokoni kuwahubiria wasiomjua Kristo huo ni uinjilisti, kazi njema na ya lazima, ila uamsho unaanzia kwetu sisi ambao tayari tuna viti vyetu kanisani, tuna sare za kwaya, tuna kadi za ushirika, na tunajua maandiko kuliko tunavyoyaishi. Nabii Habakuki aliomba hivi, "Ee BWANA, fufua kazi yako katikati ya miaka", anaomba ifufuliwe kazi iliyokuwepo tayari. Na ukisoma 2 Nyakati 7:14 ile inayopendwa sana kwenye mabango, inaanza na "ikiwa watu wangu, walioitwa kwa jina langu", halafu inataja kujinyenyekesha, kuomba, kutafuta uso wa Mungu, na kuziacha njia mbaya. Sisi mara nyingi tunafanya lile la kuomba kwa nguvu zote na usiku kucha, lile la kuziacha njia tunaliruka kabisa, tunakwenda moja kwa moja kwenye kuponywa nchi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Matendo 19, Efeso. Paulo amekaa pale muda, kanisa lipo, watu wameshaamini. Halafu siku moja ukweli unawabana, na Luka anaandika kwamba wengi wa wale walioamini ndio waliokuja wakaungama na kuyaweka wazi matendo yao, yaani walokole, watu wa ushirika, walikuwa bado wana vitabu vya uganga nyumbani! Wakavileta wakavichoma mbele ya watu wote, na thamani yake ilipohesabiwa ikawa vipande hamsini elfu vya fedha, na kipande kimoja kilikuwa kama posho ya kibarua kwa siku nzima. Hebu piga hesabu hiyo. Wangeweza kuviuza wakapata hela ya kujenga, hawakuviuza.

Kwa hiyo kulia sio tatizo, kuanguka mimi sigombani nako, hata walioamshwa kwelikweli zamani walilia na wengine walianguka. Tatizo ni pale tunapohesabu machozi tukasema kazi imefanyika. Uamsho ukiingia kwenu, ile ishu ya vyombo itakuwa ya kwanza kuguswa, na pesa za akina mama zitarudi hata kama ni kwa kulipa kidogokidogo, na hamtahitaji mhubiri toka mbali kuwaambia, kila mtu atakuwa anajua mwenyewe anadaiwa nini na nani.

Nikushauri kitu dada yangu, usisubiri wiki ya nne. Mtafute mtu mmoja wa ile kwaya nyingine, yule ambaye ukimwona moyo unakuwa mzito, nenda kwake, usipige simu, nenda, useme lile lako tu bila kutaja la kwake. Na hilo la pesa usilipeleke kwenye ushuhuda wala kwenye maombi ya sauti kubwa yenye mafumbo, akina mama wawili watatu waende kwa huyo mhasibu kwa upole waombe daftari, ikishindikana waende kwa wazee wa kanisa, utaratibu wa Mathayo 18 uko wazi kabisa.

SWALI: Shalom. Nyanya yangu ako miaka tisini na kitu, anaenda fellowship kila wiki bila kukosa na wanaimba Tukutendereza. Anasema vijana wa siku hizi hatujaona uamsho, yeye aliuona. Nikimuuliza anasema tu "tulitembea nuruni". Ni nini kilifanyika kwani? Na mbona hatufundishwi? (Kijana, Nakuru)

JIBU: Mwanangu, kabla ya yote kaa na nyanya yako umrekodi kwenye simu, muulize aliokoka mwaka gani, nani alimshuhudia, alirudisha nini kwa nani. Wa namna yake wanapungua kila mwezi na wanaondoka na hazina ambayo haiko kwenye maktaba yoyote.

Kilichotokea ni hiki. Gahini, mashariki ya Rwanda kando ya ziwa Muhazi, kulikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana. Daktari Mwingereza aitwaye Joe Church alifika huko 1928, na muda si mrefu njaa kali sana ikaipiga nchi, watu wanakufa, hospitali haitoshi, na wafanyakazi wenyewe hawaelewani. Mwaka 1929 mwezi wa tisa akaenda Kampala akiwa amechoka mwili na roho, na pale mlima Namirembe akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, mtumishi wa serikali kwenye idara ya afya. Wakakaa siku mbili na Biblia, wanasoma, wanaomba, wanaambiana ukweli wa maisha yao. Fikiria huo ni wakati wa ukoloni, daktari wa kizungu anakaa chini sawasawa na Mwafrika anakiri kwamba roho yake ni kavu. Kwa maoni yangu mlango ulifungukia hapo hasa, kabla ya mkutano wowote mkubwa. Church akarudi Gahini mtu mwingine, Nsibambi akaacha kazi ya serikali akawa anashuhudia barabarani Kampala.

Pale hospitalini Gahini alikuwepo Yosiya Kinuka, kiongozi wa wafanyakazi wa Kiafrika, naye alikuwa sehemu ya ile migogoro. Akapelekwa Kampala kumwona Nsibambi, akaeleza matatizo ya Gahini yalivyo, na Nsibambi badala ya kumpa pole akamwonyesha kwamba shida imo ndani ya moyo wake yeye Yosiya. Alikasirika, lakini njiani akirudi alishindwa, akajitoa kwa Kristo, na alipofika akaanza kutengeneza na wenzake. Yuko pia Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, mwalimu hapohapo Gahini, aliyejifungia wiki nzima kuomba mwaka 1935 akatoka na moto ambao watu walishindwa kuuzima. Januari 1936 akafa kwa homa ya kupe, kijana bado, akiwa Kampala tayari kuiambia sinodi ya kanisa la Uganda kwamba kanisa limelala na kwamba watu wanaruhusiwa kwenda kwenye meza ya Bwana huku dhambi zao zinajulikana. Neno lake lilikuwa Zukuka, Amka, na alipokufa ndo likasambaa zaidi.

Kutoka hapo ukaenda Kabale huko Uganda, ukaenda Burundi, ukafika Kabete kwenu Kenya mwaka 1937, ukaingia Katoke kwetu mkoa wa Kagera mwaka 1939 na kushika mpaka makanisa ya Kilutheri ya Bukoba. Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alikuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Walutheri Duniani, alikuwa mtu wa uamsho huo. Mimi nimelelewa na watu wa aina yake huko Bukoba, na ninaposikia leo mtu anasema uamsho ni kitu kinachokuja na wahubiri toka nje huwa naumia, manake sisi tumekuwa nao hapahapa, umepelekwa na walimu wa shule, na manesi, na wakulima, wanatembea kwa miguu na kulala kwenye nyumba za wenzao.

Sasa kutembea nuruni kulikuwa nini. Andiko lao ni 1 Yohana 1:7, "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote." Wakikutana kila wiki mtu anasema wiki hii nimemdanganya bosi, nimemsema vibaya mke wangu, nimemwonea wivu ndugu huyu hapa, wenzake wanamsikiliza, wanaomba, wanaimba Tukutendereza, ambayo ni kumsifu Yesu kwa Kiganda, na mambo yanaisha hapohapo. Ila kabla ya wimbo kulikuwa na kurudisha. Watu walirudisha ng'ombe, blanketi za hospitali, pesa za misheni, walikwenda kwa waajiri wao wakasema nilichukua hiki na hiki. Festo Kivengere, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa askofu wa Kigezi, alipookoka alipanda baiskeli akaenda safari ndefu mpaka kwa mzungu mmoja aliyekuwa anamchukia, akamwomba msamaha kwa ile chuki. Wanaume wakaanza kula meza moja na wake zao, jambo ambalo sehemu nyingi halikuwa la kawaida. Mtu wa kabila hili akamwita ndugu mtu wa kabila lile, na mzungu naye akaitwa ndugu na akakemewa kama ndugu.

Nao hawakukaribishwa vizuri, usidhani. Mwaka 1941 chuo cha teolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26 akiwemo William Nagenda, kwa sababu walikuwa wanaamka alfajiri kuomba na kuhubiri wakaambiwa waache wakakataa. Walio wengi pamoja na hayo yote walibaki ndani ya makanisa yao, hawakwenda kuanzisha kanisa jipya na kujipa uaskofu, na hilo nalitaja makusudi. Na huko kwenu Kenya wakati wa Mau Mau, baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, wandugu, yaani hao watu wa uamsho, walikataa kula kiapo cha Mau Mau na wengine wakauawa kwa ajili hiyo, na walikataa pia kushika bunduki za serikali ya wakoloni, wakasema tumekunywa damu ya Yesu hatuwezi kunywa ingine wala kumwaga ya mtu. Kwa hiyo walichukiwa na pande zote mbili. Nyanya yako kama alikuwa eneo hilo miaka hiyo basi muulize hasa kuhusu hapo, na umsikilize bila haraka.

Walikuwa na makosa yao pia. Kadiri miaka ilivyokwenda sehemu nyingine nuru ikageuka kuwa polisi, watu wakawa wanapimwa kwa nywele na nguo, ukishuhudia bila kutumia maneno yaliyozoeleka unaonekana hujaokoka, na Uganda kwenyewe miaka ya 1970 wakagawanyika, kundi moja likisema lile lingine limelala. Vijana wengi walikimbia kwa sababu hiyo, na pengine ndo maana hamfundishwi.

SWALI: Naandika kwa siri. Kwenye mkesha mchungaji amesema uamsho hautashuka mpaka kila mtu aungame dhambi zake zote hadharani kwa maikrofoni. Kuna jambo nilifanya kabla na lingine baada ya kuolewa. Sina amani. Nikisema ndoa yangu imekwisha, nisiposema naambiwa nazuia uamsho wa kanisa zima. (Mke wa mtu, Mwanza)

JIBU: Mama, kwanza tulia. Huzuii uamsho wa mtu yeyote. Hakuna mahali popote Biblia inasema kila dhambi isemwe kwa kila mtu. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane na kuombeana tupate kuponywa, yaani mtu na mtu wanaoombeana, sio mtu mmoja na halaiki yenye simu zinazorekodi.

Ninachoshika mimi, na wazee wa uamsho wengi walikuja kukishika baada ya kuona nyumba zikivunjika, ni kwamba toba iende mpaka pale dhambi ilipofika. Dhambi ya moyoni ambayo Mungu peke yake anaijua, mpe Mungu. Uliyemkosea mtu, nenda kwa huyo mtu. Uliyelikosea kanisa wazi, kwa mfano kiongozi aliyekula sadaka, huyo ndo aseme mbele ya kanisa. Anayelazimisha mambo ya chumbani yasemwe kwa maikrofoni anawaumiza wasiohusika, watoto wako, na hata yule mwingine ambaye labda ana familia yake.

Hilo la kabla ya kuolewa, kama lilishatubiwa limekwisha. Lile la baada ya kuolewa siwezi kukudanganya kwamba ni dogo, mume wako amekosewa, na siri ya namna hiyo inakula mtu toka ndani, wewe mwenyewe unasema huna amani. Ila usiliseme usiku wa manane ukiwa na hofu na kelele za mkesha. Mtafute mama mmoja mzima wa imani, anayetunza siri, asiyekuwa na undugu na mumeo, umwambie yote, muombe pamoja hata wiki kadhaa, na yeye akusaidie kuona lini na vipi mumeo aambiwe, na ikibidi awepo. Na kama mume wako ni mtu wa kupiga, mwambie huyo mama hilo kwanza kabla ya lingine lolote, usalama wako sio jambo la kuwekwa pembeni. Mchungaji akikushika tena na maikrofoni una haki ya kusema hapana.

SWALI: Ninyi waandishi mnausifu sana uamsho wa Gahini. Mimi ni Mnyarwanda, nimepoteza ndugu zangu mwaka 1994. Uamsho ulianzia nchini kwetu. Walokole walijaa. Ulisaidia nini? (Msomaji, Kigali)

JIBU: Ndugu yangu, pole. Najua neno hilo ni dogo sana mbele ya ulichopitia, na nimekaa na swali lako muda mrefu kuliko mengine yote.

Sitatafuta njia ya kulitetea kanisa. Kuanzia tarehe 7 Aprili 1994, kwa muda wa siku kama mia moja, watu wanaokadiriwa kufika 800,000 au zaidi, wengi wao Watutsi, waliuawa katika nchi ambayo karibu wote walikuwa wamebatizwa. Walikimbilia makanisani na wakauawa makanisani, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Wapo viongozi wa dini waliokuwa karibu mno na wenye madaraka, wakanyamaza, na wapo waliofanya mabaya zaidi ya kunyamaza na wakahukumiwa mahakamani.

Mtu anaweza kusema kwamba uamsho uligusa zaidi Waanglikana na Waprotestanti wengine ambao walikuwa wachache, na kwamba kati ya 1929 na 1994 ni miaka 65, kizazi kizima na zaidi. Ni kweli yote mawili, lakini mimi hainitoshi, maana na hayo makanisa yaliyoguswa hayakusimama kama yalivyotakiwa.

Ninachokiona ni kwamba uamsho ule ulifika kwenye wizi, ulevi, uzinzi, chuki ya mtu na mtu, ukatengeneza hayo kwa nguvu kubwa, ila haukufika vya kutosha kwenye dhambi zile zinazofanywa na wengi kwa pamoja na kwa sheria. Vitambulisho vilikuwa vimeandikwa kabila tangu wakati wa Wabelgiji miaka ya 1930, shuleni watoto wanasimamishwa kwa makabila, na mtu angeweza kuungama kila wiki kwamba amemkasirikia jirani bila hata siku moja kuulizwa anaonaje serikali yake inavyomtenda jirani huyohuyo. Tulifundishwa kuokoka na tukafundishwa kutii wakubwa, hatukufundishwa kuwakatalia. Halafu watoto na wajukuu walirithi nyimbo na salamu, na lugha ya toba wakaijua kwa kichwa. Uamsho haurithiwi, hilo Rwanda imetuonyesha kwa bei ambayo haikupaswa kulipwa na mtu yeyote.

Lakini naomba pia nisiwafute waliosimama. Mwaka 1964, wakati wa mauaji ya mwanzo, mchungaji Yona Kanamuzeyi, mtu wa uamsho, alikuwa Nyamata akiwahudumia watu waliofukuzwa kwao, akachukuliwa na askari usiku wa mwezi wa kwanza, na mwenzake aliyepona alisimulia kwamba alikwenda huku anaimba, akapigwa risasi na kutupwa mto Nyabarongo. Na 1994 walikuwepo walokole waliokataa kutenganishwa na ndugu zao wakafa pamoja nao, na waliowaficha watu darini na mashambani wakijua wakikamatwa wanakufa. Hao hawafuti deni la wengine. Ila waliishika ile damu ya Yesu walivyoiimba, na mimi siwezi kusema walichokipokea Gahini kilikuwa uongo.

Umeuliza ulisaidia nini. Uliwasaidia hao kufa bila chuki, na uliwasaidia wale waliofichwa kuishi. Naona haitoshi, na wewe una haki ya kuona haitoshi, na kanisa letu huku nje ya Rwanda lina kazi ya kuangalia ni chuki gani tumeizoea kiasi kwamba hatuiungami kabisa, ya kikabila, ya kisiasa, hata ile ya kuwaita binadamu wenzetu majina ya wadudu kwenye magrupu ya WhatsApp wakati wa uchaguzi.

SWALI: Mchungaji, vijana wetu wameanza maombi ya alfajiri, wanapaza sauti, wananena kwa lugha, majirani wanalalamika. Baraza la wazee tumegawanyika, wengine wanasema ni uamsho, wengine fujo. Tuwafungie mlango? (Mzee wa kanisa, Moshi)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Msiwafungie. Kijana anayeamka saa kumi usiku kuomba ni baraka, mngapi mnatafuta vijana hamuwapati. Ila sauti kubwa sio kipimo cha Roho, na jirani anayefanya kazi usiku ana haki yake ya kulala, 1 Wakorintho 14 inasema mambo yote yatendeke kwa uzuri na kwa utaratibu. Nawaomba wazee wawili wahamie huko alfajiri, wakae nao, waombe nao, halafu mzungumze spika zizimwe na Neno liwe linasomwa kila siku. Mkikaa nao mwezi mmoja mtajua ni nini, kutoka ofisini hamtajua.

SWALI: Hapa Kentucky watu bado wanaongea kuhusu Asbury 2023. Ulikuwa uamsho wa kweli au mtandao tu uliukuza? (Mwanafunzi, Marekani)

JIBU: Mwanangu, ilianza tarehe 8 Februari 2023 baada ya ibada ya kawaida ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Asbury, mji mdogo wa Wilmore, wachache wakabaki kuimba na kuomba, ikaendelea zaidi ya wiki mbili na watu wakaja kwa maelfu. Kilichonigusa ni kwamba hakukuwa na jina kubwa jukwaani, na uongozi wa chuo uliona umati unazidi wakakubali kuifunga mikutano ya watu wa nje badala ya kuifanya biashara. Hizo ni dalili njema. Kama ni uamsho au la watakuambia hao vijana wenyewe wakiwa na miaka arobaini, na wewe uliye karibu unaweza kuanza kuwaangalia sasa.

SWALI: Sisi ni akina mama wanne, tumechoka kusubiri kanisa zima. Tunaweza kuanza wenyewe? Tufunge siku ngapi? Tufanyeje? (Mama, Kahama)

JIBU: Mnaweza. Uamsho wenyewe hamwezi kuuleta kwa kufunga siku saba wala arobaini, Mungu halazimishwi, ila kujinyenyekesha na kuacha ni kwenu na hakuhitaji kibali cha kanisa zima. Na nne ni wengi, Church na Nsibambi walikuwa wawili.

Chagueni siku moja ya wiki na saa moja, nyumbani kwa mmoja wenu kwa zamu, chai iwe ya kawaida ili asiwepo anayeona aibu zamu yake ikifika. Mwambieni mchungaji mapema asije akasikia kwa watu akadhani ni kundi la kumpinga. Someni sura moja, kila mmoja aseme imemgusa wapi yeye, sio imemgusa jirani wapi. Halafu kila mmoja aseme la kweli la wiki yake, kama kuna aliyekosewa basi mwenzenu mmoja amsindikize kwenda kutengeneza, na wiki inayofuata mumuulize alikwenda au hakwenda. Ombeni, nendeni nyumbani, msizidishe saa mbili, watoto na waume zenu wasione maombi kama kitu kinachowanyang'anya mama. Mchango wa pesa msiuanzishe, vikundi vingi vimefia hapo. Na yote yanayosemwa mle ndani yabaki mle ndani, asiwepo anayeyapeleka kwa dada yake, kwa mchungaji wala kwa mume wake.